Tupeane uzoefu: kupatana bei ugenini, kuanzia Mombasa hadi Guangzhou

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Wadogo zangu wengi hapa Tanga siku hizi wanavuka. Wako wanaofuata leso Mombasa, wako wa Dubai, wako wa China, na wako wanaopeleka wagonjwa India. Nyumbani ni mabingwa wa kupatana. Wapeleke soko la samaki la Deep Sea asubuhi uone wanavyotoka na samaki. Wakifika ugenini wanapoa. Wanalipa bei ya kwanza waliyotajiwa, au wanaikata bei kama kwa shoka mpaka muuzaji anakasirika. Naomba kila aliyetoka aseme alivyofanya: wapi bei inashuka, wapi haishuki, na ndani ya hiyo bei ni kitu gani hasa kinachoshuka.

Naanza mimi na Mombasa. Kutoka hapa ni kilomita 65 hivi mpaka Horohoro, unavuka Lunga Lunga, unashika njia ya Likoni, unapanda feri, umeingia mjini. Leso ziko Biashara Street. Napita kwanza maduka matatu manne nauliza bei ya doti za namna moja, hela siigusi. Nikirudi kwenye duka lililonipendeza nasalimia sawasawa, nauliza habari za biashara, ndipo naomba doti ishushwe. Naitandaza na kuigeuza: leso nzuri rangi imepenya, nyuma inakaribiana na mbele. Kisha nashika pembe naifikicha. Ya pamba inabaki na mkunjo. Yenye nailoni inateleza na kujinyoosha yenyewe. Yote hayo nayafanya mbele ya mwenye duka, kimya. Anaelewa kwamba mteja huyu anajua anachonunua, na bei inaanza kusogea kabla sijasema neno.

Safari iliyopita kijana alisema 650 za Kenya. Nikamwambia, "Mwanangu, nachukua doti kumi, nifanyie 450." Akasema, "Mama, hapo hata hela ya mzigo hairudi." Tukapanda, tukashuka, tukamalizana 520, na mfuko mkubwa wa kubebea nikapewa nyongeza.

Na jambo moja nalishikilia. Nikitaja bei yangu na muuzaji akasema chukua, natoa hela. Kumchosha mtu nusu saa, akubali, halafu umwambie "naja", mimi naona ni uonevu. Naye ana watoto nyumbani.

Haya, karibuni.

Dereva wa Horohoro

Shikamoo Bi Mkubwa. Langu fupi. Pale mpakani uliza bei ni ya shilingi ipi kabla hujaanza kushusha. Mia tano ya Kenya ni karibu elfu kumi yetu. Abiria wangu wengi wanapatana vizuri kabisa, lakini kichwani wanahesabu hela nyingine. Na hela badilisha sehemu yenye ofisi, uzihesabu mwenyewe mkononi mwako kabla hujaondoka dirishani. Ulichookoa kwenye leso kinaweza kupotelea hapo kwa dakika moja.

Mama Kidani, Chumbageni

Mimi ni wa dhahabu, Deira, kule Dubai. Tanga harusi haijaisha bila kidani na bangili, kwa hiyo nimetumwa na ndugu mara nyingi.

Jamani, dhahabu yenyewe haipatanwi. Bei ya gramu ya siku imeandikwa kwenye kioo, maduka yote ni ile ile, na inaweza kubadilika asubuhi na jioni. Ukimwambia muuzaji akushushie gramu anakuona hujui ulichofuata. Kinachoshuka ni ufundi. Kila kidani kina bei ya uzito wake, halafu juu yake kuna hela ya kazi ya mkono, na hiyo ndiyo wanayoiongeza kwa mgeni. Ninavyofanya mimi: namwomba apime kidani mbele yangu, namwambia azidishe kwa bei ya gramu kwenye kikokotoo nikiona, kisha namwuliza, "Sasa ufundi wako ni kiasi gani?" Hapo mazungumzo yanaanza. Vyenye nakshi nyingi ufundi wake uko juu. Bangili zile nyembamba za kawaida ufundi ni mdogo na unashuka haraka, hasa ukichukua nyingi kwa mpigo.

Angalieni na muhuri. 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18. Kama kidani kina mawe, uliza uzito wa mawe umetolewa au umo humo, maana usikubali kulipia kioo kwa bei ya dhahabu. Risiti iandikwe uzito, karati na ufundi kila kimoja mbali. Kodi ya asilimia 5 ipo tangu 2018, na mtalii anaweza kurudishiwa sehemu yake akiondoka uwanja wa ndege, mradi duka limeandikisha mauzo yake kwa utaratibu huo. Mwulize kabla hujalipa.

Binti wa Raskazone

Shikamooni. Niko masomoni Uingereza. Huku dukani bei ni ile iliyobandikwa, ukiomba punguzo wanakuangalia tu. Ila kuna masoko ya Jumapili ambapo watu wanauza vitu vya nyumbani kwao kwenye buti za magari, uwanjani. Pale wanapatana vizuri sana, na ukienda karibu na muda wa kufunga mtu hataki kurudi na sufuria zake. Vyombo vyangu vyote vya jikoni nimevipata hivyo.

Mchuuzi wa Makorora

Bi Mkubwa, shikamoo, umegusa penyewe. Guangzhou.

Kwanza vidole. Wachina kuanzia sita mpaka kumi wanahesabu kwa mkono mmoja. Gumba na kidole cha mwisho ni sita. Tulikuwa na mwenzetu, muuzaji akamwinulia gumba na kidole cha shahada, yeye akajua ni mbili. Sehemu nyingi za kule hiyo ni nane. Alifurahi, akaagiza, kwenye hesabu ndipo watu wakakunjiana uso. Kwa hiyo omba kikokotoo. Anaandika yake, unafuta, unaandika yako, kinarudi. Hakuna aliyemtukana mwenzake na hakuna aliyeelewa vibaya.

Pili, kule cha kupatania ni idadi. Ukiuliza pea moja utapewa bei ya kukufukuza. Uliza katoni ina pea ngapi, bei ya katoni moja, ya tano, ya ishirini. Ngazi ya bei utaiona mwenyewe.

La tatu ndilo zito, naomba mlisome polepole. Kulikuwa na dada mmoja mwenye kibanda cha viatu vya wazi vya kike. Nikakaza bei, nikakaza, mpaka akanyamaza. Akaingia ndani, akatoka na pea mbili, akaziweka moja moja juu ya mizani ndogo ya mezani. Kwa macho ni mapacha: rangi moja, kifungo kimoja, hata harufu. Moja ilikuwa nyepesi kuliko nyingine, tofauti inaonekana wazi kwenye namba. Akaibonyeza soli kwa kidole gumba, shimo likabaki. Akaandika kwenye simu itafsiri: bei yako ninayo, ni ya hiki. Nikashika vile viwili nikavikunja, nikaelewa wenzetu wanavyoletewa mzigo tofauti na walioagiza. Muuzaji wa kiwandani ukimbana sana hakatai. Anapunguza malighafi. Sasa nikipatana bei napatana na uzito hapo hapo, sampuli moja nabaki nayo, nyingine anabaki nayo yeye, na hela natanguliza sehemu tu, mara nyingi asilimia 30. Inayobaki natoa mzigo ukishakaguliwa.

Mteja wangu wa Makorora akinunua kiatu kikakatika ndani ya wiki mbili, simlaumu Mchina. Nimemwuzia mimi.

Maalim wa Duga

Nimeyasoma ya Bi Mkubwa kuhusu kuondoka baada ya kukubaliwa. Kisheria, sisi wa madhehebu ya Shafii tunafuata hadithi iliyomo Bukhari na Muslim: muuzaji na mnunuzi wana hiari maadamu hawajaachana. Kwa hiyo ukighairi mkiwa bado mmesimama pale, huna dhambi ya kuvunja mauzo. Lakini imepokewa pia dua ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa mtu aliye mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai haki yake. Aliyekata bei makusudi bila nia ya kununua hajawa mwepesi. Na tukumbuke katazo jingine linalosahauliwa sana sokoni: mwenzako akiwa ameshakubaliana na muuzaji, usiingilie kwa kuongeza dau.

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Ahsante sana Maalim, nimepokea. Hiari naikubali. Mwenendo wangu naubakisha pale pale.

Mjukuu wa Sahare

Muscat, Oman, soko la Mutrah. Nilifuata ubani wa bibi. Pale usishangae mzee mwenye duka akikujibu Kiswahili kilichonyooka, wako Waomani wenye asili ya Unguja. Wangu aliniuliza kwetu wapi, nikasema Tanga, akaagiza kahawa. Tukazungumza weee, kisha nikauliza bei.

Angalizo ni rial. Rial moja ni zaidi ya dola mbili na nusu na imegawanyika baisa 1,000, kwa hiyo mtu anasikia "rial tatu" anaona ni hela ndogo. Ubani nao una madaraja. Ule wa hojari kutoka Dhofar, mweupe unaoelekea kijani, ni ghali na hauwezi kushuka mpaka bei ya ule wa kahawia. Sikukata nusu kama ninavyokata sokoni kwetu Mgandini. Niliomba anipunguzie kidogo kwa ajili ya bibi, akapunguza, akaongeza kiganja kimoja cha ubani juu ya mizani. Kahawa ile isikufanye uone haya kuuliza bei, wala isikufanye ununue usichokihitaji. Kahawa ni ukarimu wake, biashara ni nyingine.

Baba wa Pongwe

Nilimpeleka mama matibabu Chennai. Vitu vya pakiti India vimechapwa bei ya juu kabisa pembeni, na sheria yao hairuhusu kuuza zaidi ya hapo. Sabuni, biskuti, maji, dawa za pakiti: soma kwanza, lipa hiyo au chini yake. Bajaji ndizo za kupatana. Za langoni hospitali wanajua una mgonjwa na una haraka. Nilikuwa namwacha mama kivulini, natoka mpaka barabara kubwa, naita inayopita, napatana kabla ya kupanda, ndipo tunarudi kumchukua.

Binti wa Raskazone

Swali kwa kaka Mchuuzi. Shangazi yangu anakwenda China kwa mara ya kwanza na hajui lugha. Atafute mkalimani?

Mchuuzi wa Makorora

Atafute, ila amlipe yeye mwenyewe kwa siku, na wakubaliane mapema. Mkalimani wa bure au wa hela kidogo mara nyingi analipwa na duka, na malipo yake yanakuwa yamo kwenye bei ya shangazi. Dalili utaiona: kila siku anakupeleka maduka yale yale, na ukitaka kuingia jingine anasema hapo wabaya. Mwambie shangazi bei aandikiwe kwenye kikokotoo na muuzaji mwenyewe, si kutajiwa na mkalimani. Na aulize gharama ya kusafirisha kwa ujazo kabla hajanunua vitu vikubwa vyepesi. Beseni na wanasesere ni rahisi kule, lakini wanajaza kontena. Akifika anitafute, nina orodha ya maduka ya viatu na mabegi.