Kuifikia seva ya Linux ukiwa mbali: nywila, funguo za SSH au WireGuard?

Mgeni wa Njiro
Wadau, naishi Arusha, seva ya Ubuntu ya duka letu la pembejeo iko Majengo, Moshi. Kila ikisumbua napanda basi. Nataka niifikie nikiwa nyumbani. Ndiyo kwanza naanza, nishike njia ipi?

Fundi Kijenge
Funguo za SSH, mkuu. SSH ni njia ya kuingia kwenye seva na kuiamuru ukiwa mbali. Poti 22, mlango wake, ikiwa wazi kwa dunia nzima, roboti hubahatisha nywila usiku na mchana, soma /var/log/auth.log ujionee. Kwenye laptopu andika `ssh-keygen -t ed25519`, weka neno la siri la kuulinda ufunguo, kisha `ssh-copy-id jina@anwani`. Kinachokwenda kwenye seva ni ufunguo wa umma. Ule wa siri usimtumie mtu, hata fundi wako. Ukishaingia kwa ufunguo, ndipo uweke kwenye mipangilio ya SSH `PasswordAuthentication no` (kuzima nywila) na `PermitRootLogin no` (kumzuia root, mtumiaji mkuu).

Binti Rau
"Ukishaingia" hapo nakazia! Mimi nilizima nywila kabla ya kujaribu ufunguo, nikafunga dirisha. Nikabaki nje, seva iko Arusha nami niko Moshi, mvua za Aprili zinanyesha. Siku hizi dirisha la kwanza naliacha wazi, nakagua kwa `sudo sshd -t`, napakia mipangilio upya, halafu naingia kwa dirisha la pili. Na ufw, yaani ukuta wa moto wa Ubuntu, ruhusu OpenSSH (programu ya SSH) kabla ya kuiwasha. Pitia pia mafaili ya /etc/ssh/sshd_config.d/. Kwenye Ubuntu hayo husomwa mwanzo, na agizo linalosomwa mwanzo ndilo linaloshika.

Mzee wa Nyaya
Mgeni, duka linatumia intaneti gani? Kama ni ruta ya laini ya simu, tazama IP yake ya WAN, yaani anwani yake upande wa intaneti. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya NAT ya kampuni ya simu, yaani wateja wengi mnatumia IP moja ya umma, na SSH ya moja kwa moja kutoka nje haifiki.

Mgeni wa Njiro
Ni ya laini, mzee wangu. Inaanza na 100.72.

Mzee wa Nyaya
Basi WireGuard inakuhusu. Ni VPN, njia ya siri ya kuunganisha mashine kupitia intaneti. Kodi seva ndogo yenye IP ya umma, iwe katikati. Seva ya Moshi ndiyo iipigie hodi, na huko weka `PersistentKeepalive = 25` njia isijifunge. Poti ya WireGuard, kwa kawaida 51820 ya UDP, haimjibu asiye na ufunguo. SSH utaipitisha humo humo, kwa funguo zile zile alizosema Fundi.

Mgeni wa Njiro
Nimeelewa. Leo usiku naanza na funguo kwenye seva ya kukodi, dirisha la kwanza likiwa wazi. Jumamosi napanda basi kwenda kufunga upande wa Moshi.