Re: Tenki la grei kwenye RV linajaa haraka mno, msaada

Nesi, Houston:

Shikamooni wazee, na wengine wote habari za leo. Leo sio swali la green card (kibali cha kuishi Marekani) ni swali la maji. Mimi na mume wangu na watoto wawili tumehamia kwenye trela ya kuishi (RV) maana nafanya kontrakti za unesi za wiki 13, ikiisha nahama mji, na apatimenti za miezi mitatu bei zake mnazijua wenyewe. Trela tumenunua yuzd, tenki la grei, yaani la maji machafu ya sinki na shawa, limeandikwa galoni 30. Tupo kempu moja nje ya mji, maji tunachomeka kwenye bomba lao. Sasa kila baada ya siku moja au mbili maji machafu yana mpaka punje za wali yanapanda pale chini kwenye shawa, mtoto kaingia kuoga katoka mbio na taulo. Taa za ukutani zinasema theluthi mbili tangu tulinunue, hata kama nimetoka kumwaga dakika hiyo hiyo. Aliyetuuzia anasema dawa ni kufunga tenki la pili na anataka kufunga yeye, bei yake sitaji nisije nikalia. Hivi tenki bovu au sisi ndio tunatumia maji vibaya? Na harufu nayo ipo, hasa jikoni.

Mzee wa Arizona:

Marahaba mwanangu. Usitoe hela bado.

Kwanza tuelewane hesabu. Galoni 30 ni kama lita 113, yaani ndoo kubwa za lita 20 hazifiki hata sita. Shawa ya kawaida ya trela inatoa galoni mbili kwa dakika, mtu mmoja akioga dakika nane huku anaimba ameshamaliza galoni 16, zaidi ya nusu ya tenki, na nyie mko wanne. Ukiwa porini unatumia tenki lako la maji safi huenda usione shida hii kwa sababu mara nyingi maji safi yanakuishia kwanza, lakini ukichomeka bomba la kempu maji hayaishi upande wa kuingia ila upande wa kutoka umefungwa koki, basi lazima yatafute pa kutokea, na tundu lililo chini kuliko yote ndani ya trela ni la shawa. Kwa hiyo tenki sio bovu, limejaa tu.

Taa achana nazo. Ubavuni mwa tenki kuna vipini vidogo vya chuma, maji yakivigusa umeme unapita taa inawaka, sasa mafuta ya kupikia na povu la sabuni vikiganda pale umeme unapita hata kama tenki tupu. Ukitaka kusafisha, siku mnayohama weka maji ya moto na sabuni ya vyombo ya kutosha, endesha yacheze humo ndani, mkifika mwaga. Zinaweza kupona, zinaweza zisipone. Mimi natumia ndoo: mwaga tenki likauke, funga koki, halafu chukua ndoo ya maji safi mimina kwenye sinki moja moja huku mtu kasimama na tochi anaangalia tundu la shawa, yakianza kuchungulia simama. Idadi hiyo ya ndoo ndiyo ukubwa wa tenki lako la kweli, iandike ubandike mlangoni.

Ila kabla ya yote hayo toka nje uzunguke trela ulale chini uangalie. Unaona mikono mingapi ya koki? Trela nyingi zina matenki mawili ya grei, moja la shawa moja la jikoni, na la jikoni mkono wake unaweza kuwa umejificha nyuma karibu na tairi au upande mwingine kabisa. Watu wanamwaga moja mwaka mzima hawajui kuna la pili. Kama mnayo mawili na yanatokea bomba moja, likijaa moja acha kifuniko cha nje kimefungwa, fungua koki zote mbili za grei, maji yatagawana yenyewe. Ya choo USIIGUSE wakati huo.

Sasa matumizi. Hapa sisi tuna faida kuliko wazungu, sisi tumekulia kuoga kwa kopo. Ndoo ya lita 10 inamtosha mtu mzima kichwa mpaka miguu, na hiyo ni galoni mbili na nusu tu. Kama watoto hawataki kopo basi walowe, wafunge, wapake sabuni, wafungue wasuuze. Jikoni ndio penye uchafu wenyewe. Sufuria ya ugali hiyo usiisuuze kwenye sinki hata siku moja, ule ukoko ukilowana unakuwa gundi na bomba la grei ni dogo, inchi moja na nusu, lile la choo ndio inchi tatu. Loweka kidogo tu, kwangua kwa mwiko utie kwenye taka, mafuta futa na tishu, ndipo uoshe. Na uoshee kwenye beseni sio kwenye sinki lenyewe, ukimaliza chuja yale maji uyamwage chooni. Nasema kweli chooni. Tenki la choo linapenda maji, likikosa maji mavi yanarundikana chini ya tundu yanakauka, kuyatoa ni msiba mwingine. Hivyo umepunguzia grei na umesaidia lile jingine kwa mpigo mmoja.

Harufu ya jikoni: chini ya sinki kuna lile bomba lililopinda linaloshika maji kuzuia hewa ya tenki. Njiani maji yanatikisika yanaisha, au trela ikikaa bila kutumika yanakauka. Mimina kikombe cha maji kila tundu mkifika. Ikiwa bado inanuka, humo humo chini ya sinki kuna kikofia cheusi cha plastiki cha kuingiza hewa, ndani yake kuna mpira, ukichoka haufungi tena. Ni dola chache, unafungua kwa mkono unafunga kingine.

Kaka wa Ohio:

Mzee heshima yako, lakini si afungue tu koki ya grei iwe wazi muda wote maadamu yuko kempu na mpira umeunganishwa kwenye chemba? Sisi ndivyo tunafanya.

Mzee wa Arizona:

Wengi wanafanya. Mimi sipendi kwa sababu mbili. Hewa ya chemba ya kempu nzima inapanda kwenye mpira wako mpaka tenkini, na vinzi vyake, labda uukunje mpira pale katikati uinamie chini ushike maji. Ya pili, unapomwaga choo unahitaji grei nyingi ya kusukumia uchafu, choo kwanza grei baadae, sasa kama grei ilishaondoka yote utasafishia mpira na nini? Kwa huyu binti nasema afungue siku za kawaida, afunge siku moja kabla ya kumwaga choo. Koki ya choo yenyewe iwe imefungwa siku zote mpaka siku ya kumwaga.

Nesi, Houston:

Asante sana baba. Nimetoka kuangalia, mikono MIWILI ya grei! Wa pili uko nyuma ya tairi umejaa matope, mume wangu kauvuta maji yametoka dakika nzima yananuka samaki. Sasa jambo jingine, kontrakti inayofuata ni Duluth, Minnesota, kuanzia Januari. Tunafanyaje?

Dada wa Minneapolis:

Weee mwenzangu Duluth Januari na trela? Pole. Huku sahau kabisa habari ya kuacha koki wazi. Maji yakitiririka kidogo kidogo yanaganda ndani ya mpira, kesho yake mpira umekuwa gogo. Funga, lisubiri lijae, mwaga kwa mpigo mmoja kisha vua mpira uuweke mahali pasipoganda. Chini ya matenki bandika zile pedi za joto za volti 12 na bomba la maji safi lizungushie waya wa joto. Kama mnaondoka siku kadhaa mimina ile dawa ya pinki ya kuzuia kuganda kila tundu la sinki na shawa, ile ya RV ya propileni glaikoli, sio ya kijani ya gari ile ni sumu. Na piga simu kempu kwanza, nyingi huku zinafungwa msimu wa baridi.

Ustadhi wa Columbus:

Naongezea kwa Waislamu wenzangu, udhu mara tano kwa bomba lililofunguliwa unajaza tenki bila kujua. Mtume s.a.w. alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na kuoga kwa pishi mpaka vibaba vitano, na kibaba hakifiki hata lita moja. Weka kopo na kibeseni, maji yake nayo mnaweza kusukumia choo.

Mzee wa Arizona:

Binti, kama baada ya haya yote bado unataka tenki la tatu, muulize huyo fundi tenki lako ni la plastiki ya ABS au ya polietilini. ABS inashika gundi, polietilini haishiki gundi hata akupake kopo zima, lazima jointi ya mpira au ya kuyeyusha. Akishindwa kujibu mwambie asante. Na bomba lake lishuke sentimita mbili kila mita moja, kisha usome stika ya uzito ubavuni mwa trela, maana galoni 30 zikijaa ni kilo 113 na ekseli haijui kama ni maji machafu. Kwangu mimi ningenunua lile tenki la plastiki lenye magurudumu, unamwagia humo unalivuta polepole mpaka kituo cha kumwagia, trela haiondoki.

Kaka wa Ohio:

Mimi ninalo la galoni 15 silitumii. Nesi niandikie pembeni, nauli ya posta juu yako.