Umechaguliwa vyuo viwili vya udaktari, vyote mbali na nyumbani: ulithibitisha kipi? Tupeane uzoefu

BintiKorosho
Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB, niko Tunduru. Majina yametoka na nimepata udaktari wa binadamu sehemu mbili: KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Sijawahi kufika popote kati ya hizo, mwisho wangu ni Songea. Kwenda Moshi napita Masasi, Lindi, Dar, halafu naanza safari upya. Kwenda Mwanza ni Songea, Njombe, Iringa, Dodoma, Singida, Shinyanga. Kote kuna kulala njiani, na mnada wa kwanza wa korosho bado haujafika. Baba kaniuliza swali moja tu: "Huko ukiumwa nani atakupikia uji?" Nilikosa jibu. Siku za kuthibitisha zimebaki chache. Mliopita njia hii, mlichaguaje?

Mwangaluka
Mdogo wangu, mimi ni wa Newala, nimesoma Bugando miaka 5. Nilishuka Nyegezi usiku. Asubuhi nilipoona yale mawe yamepandana, mengine makubwa kuliko nyumba, nikajua nimeletwa siko. Hospitali na chuo viko juu ya kilima, kwa hiyo miguu utakuwa nayo.

Miaka miwili ya mwanzo usiumize kichwa, ni ileile popote: anatomia, fiziolojia, baiokemia, na harufu ya fomalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, inayokufuata mpaka kwenye chapati. Tofauti utaiona ukiingia wodini. Bugando ina vitanda kama 950 na inapokea rufaa za Kanda ya Ziwa nzima. Utaona watoto wa selimundu wengi kuliko ulivyosoma kitabuni, utaona watu wanatapika damu kwa sababu kichocho kimeharibu ini miaka na miaka.

Ambacho hakuna aliyenitahadharisha ni lugha. Siku yangu ya kwanza wodi ya upasuaji nilipewa bibi mmoja wa kijijini. Nikasimama na daftari langu jipya: "Shikamoo bibi, unasumbuliwa na nini?" Akanitazama, akageukia ukutani. Nikarudia, kimya. Mama wa kitanda cha pili akasema, "Daktari, huyo Kiswahili hajui." Yeye ndiye aliyenitafsiria, kalala palepale, dripu mkononi. Nikaandika historia yote ya mgonjwa wangu kupitia kwa mgonjwa wa mwenzangu. Kesho yake nikaja na neno moja tu, salamu yao ya asubuhi: "Mwangaluka." Bibi akacheka mpaka akashika mshono. Mpaka mwaka wa nne nilikuwa nauliza maumivu yalianza lini kwa Kisukuma kibovu, na najibiwa.

SwetaLaJuni
Mimi mtu wa Mpanda, KCMC. Nilichagua kwa sababu ya kijinga: kalenda ya ukutani nyumbani ilikuwa na picha ya mlima. Nilivyofika, mlima wenyewe mara nyingi unauona asubuhi tu, baadaye mawingu yanaufunika. Beba sweta, Juni na Julai utanishukuru.

Hospitali ni ndogo kidogo kuliko Bugando, ila bado ni ya rufaa na vitanda vinazidi 600. Kama unapenda mambo ya ngozi, hapo kuna kituo cha mafunzo kinachopokea watu kutoka nchi nyingi za Afrika, na wanatengeneza mafuta ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Wazee wengi wa pale Kiswahili wanakijua, kwa hiyo shida ya kaka Mwangaluka hutaipata sana, labda aje mgonjwa kutoka umasaini.

Kilichoniumiza mimi ni Desemba. Wachaga wote wanarudi nyumbani, mji unafurika magari ya Dar, kila mgomba una sherehe chini yake. Wenzangu wa Arusha na Tanga wameshaondoka. Mimi Mpanda kwenda na kurudi likizo inaishia njiani, kwa hiyo niko hosteli na wenzangu wawili wa Kigoma, tunapika wali. Krismasi ya kwanza nililia. Ya pili nilialikwa Marangu, nikala mpaka nikashindwa kuinuka.

MamaMD4
Mwanangu, mlima na ziwa vitakuwepo tu. Uliza hela. Hivyo vyuo vyote viwili si vya serikali, na ada zake si za kuchezea. Halafu unathibitisha kabla hujajua bodi ya mikopo imekupa kiasi gani. Hapo ndipo tulipoanguka sisi. Kijana wangu aliacha nafasi ya UDOM, chuo cha serikali Dodoma, akaenda chuo cha binafsi, sikitaji, tukiamini mkopo utafunika yote. Ukaja umelipa sehemu tu ya ada. Mwaka wa kwanza wakaenda ng'ombe wawili, wa pili kikaenda kiwanja. Kuna muhula alipigiwa simu kwamba hana namba ya mtihani, zimebaki siku tatu. Nilizunguka kwa ndugu usiku na kanga moja.

Piga simu ofisi za uhasibu za vyuo vyote viwili, uliza neno moja: ada inalipwa kwa awamu ngapi, na tarehe zake ni zipi. Kama baba yako ni mtu wa korosho, hela yake inaingia kuanzia Oktoba. Chuo kinachotaka kiasi kikubwa mwezi Machi kitamtesa.

TreniYaLviv
Wa nje hatutakiwi humu? Mwaka 2019 mimi na rafiki yangu wa Form Six tulipata vyuo viwili vilevile, kimoja China kingine Ukraine. Tulikaa barazani kwao Ilala wiki nzima tunapiga hesabu: ada, baridi, lugha. Yeye akaenda China, mimi Kharkiv.

Januari 2020 akaja Dar likizo ya mwaka mpya wa Kichina na begi dogo. Korona ikafunga mpaka. Alikaa nyumbani zaidi ya miaka miwili, anasomea upasuaji kwenye simu, vitabu na nguo zake za baridi viko hosteli China. Nilikuwa namcheka kwa upole kwamba alichagua vibaya. Tarehe 24 Februari 2022 alfajiri nikaamshwa na mabomu. Siku kadhaa kituo cha metro chini ya ardhi, halafu treni ya kwenda Lviv nimesimama njia nzima, halafu mpaka wa Poland kwa miguu. Cheti cha Form Six nilikuwa nimekifunga tumboni kwa mfuko wa nailoni. Ujumbe wa kwanza nilioupata Warsaw ulikuwa wake: "Mzee, karibu kwenye klabu."

Nilimalizia nchi nyingine, na niliporudi mtihani wa Baraza la Madaktari ulikuwa unanisubiri kabla ya intani, yale mazoezi ya kazi hospitalini. Tuliipangia ile wiki hesabu zote isipokuwa hizo mbili.

Mchumi_wa_Kijiwe
Kwa hiyo ushauri ni asiende popote? 😂

NimejifunzaKwaUgumu
Mimi naongea jambo dogo. Maombi yangu nilijaziwa na kijana wa steshenari, akaweka namba yake ya simu kwa sababu yangu ilikuwa haina chaji. Nilipopata vyuo viwili, namba ya siri ya kuthibitisha ikaenda kwenye simu yake. Nikamtafuta siku mbili, kumbe kaenda msibani Sumbawanga. Alipopatikana akanambia kwa furaha, "Nimeshakuthibitishia, dada, nimekuchagulia kizuri." Nikasoma nilipochaguliwa na mwenye fotokopi. Binti, namba iliyo kwenye fomu yako ni ya nani?

BintiKorosho
Asanteni sana. Namba ni yangu, nimeangalia mara tatu.

Nimepiga simu kote kuhusu awamu, baba kasikiliza kwa spika na kuandika tarehe kwenye gunia tupu la korosho. Jana mama kakumbuka kwamba binamu yake kaolewa Igoma, Mwanza, hawajaongea miaka kumi na moja. Wamepigiana. Wameongea dakika arobaini, wamelia, halafu yule mama akaomba aongee na mimi: "Mwanangu, uji unaupenda wa ulezi au wa dona?" Baba akatoka nje bila kusema kitu.

Nimethibitisha Bugando leo saa tano. Kaka Mwangaluka, "maumivu yalianza lini" kwa Kisukuma inasemwaje? Na mwenye koti jeupe saizi ndogo analouza Mwanza anicheki inboksi.