GPL, Play Store na simu za akina mama wa kikoba: nianzie wapi?

Mwalimu wa Pongwe

Wanajamvi, salaam. Nafundisha hesabu sekondari, programu naandika usiku watoto wakishalala. Miaka mitatu iliyopita mke wangu alichaguliwa mweka hazina wa kikoba chao, akawa anarudi nyumbani na daftari la kaunta limejaa kufutafuta. Nikamtengenezea programu ya Android: inaandika hisa, mikopo, riba na mfuko wa jamii, na siku ya kuvunja kikoba inapiga hesabu ya mgawo. Intaneti haihitaji hata chembe. Msimbo wote upo wazi kwa leseni ya GPL toleo la 3, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha mradi akiusambaza naye auache wazi, na vijana wawili nisiowajua hata sura wamenitumia marekebisho. Mmoja wao ndiye aliyeandika sehemu yote ya ripoti za PDF.

Hadi leo inasambaa kwa WhatsApp, faili la APK (la kusakinisha programu) mkono kwa mkono. Vikoba 11 vinaitumia, ninavyovijua mimi. Sasa wiki iliyopita nimeonyeshwa programu Play Store, sura ni ya kwangu kabisa, jina la mtu mwingine, matangazo ya kamari juu na chini. Mama mmoja ameshaipakua akidhani ni toleo jipya.

Nikasema basi na mimi nipande huko. Nimelipa dola 25, kitambulisho kimethibitishwa, nikafika kwenye sharti la Google la kupata wajaribu 12, kila mmoja kwa Gmail yake, kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuitoa programu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nusu ya akina mama hawaijui nywila ya Gmail iliyo kwenye simu zao wenyewe. Walifunguliwa na kijana wa dukani siku waliponunua simu.

Nauliza: GPL inaruhusiwa humo kweli? Nilisoma mahali kwamba haipatani na haya maduka. F-Droid nayo, lile duka la programu huria, ikoje? Na huyu mwizi nimfanyeje?

Bint Nyali

Shikamoo mwalimu. Ugomvi uliousoma ulikuwa wa Apple. Mwaka 2010 Free Software Foundation, wenye kuiandika GPL, walilalamika kuhusu mchezo wa GNU Go, ukaondolewa kwenye App Store. Januari 2011 ikafuata VLC, programu ya kuchezea video, na aliyelalamika safari hii alikuwa mmoja wa watengenezaji wa VLC wenyewe. Kisa ni kwamba GPL yakataza kumwongezea mtumiaji masharti mengine juu ya yale ya leseni, na duka lile lilikuwa na masharti yake. VLC haikurudi hadi 2013, baada ya kazi ndefu ya kuwatafuta waandishi wa zamani waridhie kubadili leseni.

Play Store haina shida hiyo, programu za GPL zimejaa, VLC ikiwemo. Lakini wale vijana wako wawili usiwasahau. Walichoandika ni mali yao kwa sheria ya hakimiliki. Ukitaka siku moja kwenda iPhone utahitaji ridhaa yao, kwa hiyo waandikie sasa wangali wanajibu barua pepe.

Huyo wa matangazo, samahani, kunakili pekee hakumfanyi mwizi. Leseni uliyoichagua mwenyewe yamruhusu kunakili, hata kuuza. Haimruhusu kuficha msimbo wala kufuta jina lako. Mpe notisi ya maandishi. Toleo la 3 linampa siku 30 za kujirekebisha ikiwa ni kosa lake la kwanza kwako. Akinyamaza, jaza fomu ya Google ya malalamiko ya hakimiliki.

Babu Chuda

Wajaribu walikuwa 20, Google wakashusha wakawa 12 mwishoni mwa 2024, shukuru. Akina mama waache, chukua walimu wenzako. Na chukua 15. Mimi nilichukua 12 kamili, siku ya tisa shemeji akajitoa bila kuaga, nikaanza kuhesabu upya.

Fundi Saini

Mwalimu, swali lenyewe hujaliuliza. Zile APK za WhatsApp umezitia saini kwa ufunguo gani, yaani lile faili la siri linaloithibitishia simu kwamba programu imetoka kwako?

Android haipokei sasisho lenye saini tofauti na iliyopo. Mama akijaribu kuweka ya Play Store juu ya ile ya zamani, simu itakataa. Atampelekea kijana wa dukani, kijana atafuta ya zamani iingie mpya, na hisa za miaka mitatu zimekwenda na maji.

Tangu Agosti 2021 kila programu mpya ya Play inatiwa saini na Google wenyewe. Usipochagua chochote wanakuundia ufunguo mpya, ila kuna sehemu ya kuwakabidhi ule wako wa zamani. Wengi wanaipita bila kuiona. F-Droid kwa kawaida wanajenga wenyewe kutoka kwenye msimbo na kutia saini yao, lakini ukihakikisha APK yako na yao zinafanana baiti kwa baiti, wanaitoa yenye saini yako. Huko hakuna ada wala wajaribu. Unafungua ombi kwenye GitLab, tovuti wanakotunza msimbo, watu wanaojitolea wanakukagua. Ombi langu la kwanza lilirudi kwa sababu ya Firebase, maktaba (msimbo wa kuazima) ya Google niliyoisahau ndani. Kitu kisicho huria hawakitaki. Zima pia dependenciesInfo kwenye Gradle, chombo cha kujengea APK, maana inaingiza kipande kilichosimbwa ambacho hakuna anayeweza kukisoma isipokuwa Google.

Endesha amri ya apksigner verify --print-certs, inayoonyesha saini ya APK, uniambie imeandika nini.

Mwalimu wa Pongwe

Marahaba binti, nimekuelewa, ingawa umeniuma kidogo. Fundi, imeandika CN=Android Debug. Hiyo ni mbaya?

Fundi Saini

Ni mbaya, na sote tumepita hapo. Ufunguo wa debug ni wa majaribio tu, Play hawaupokei. Kwa hiyo saini moja kila mahali haiwezekani tena.

Fanya hivi. Toa APK moja ya mwisho kwa WhatsApp, saini ileile ya debug, ukiongeza kitufe kimoja tu cha kutoa daftari lote kama faili. Toleo la Play na F-Droid lipe ufunguo mpya na jina jipya la kifurushi (utambulisho wa programu ndani ya simu), ili programu mbili zikae kwenye simu moja bila kugombana. Mpya isome lile faili. Zote mbili zionyeshe jumla ya hisa kwa tarakimu kubwa, na mama asifute ya zamani mpaka ameona zimelingana.

Ila debug.keystore, faili lenye ufunguo huo wa debug, kila kompyuta huunda yake. Ile uliyojengea bado unayo?

Mwalimu wa Pongwe

Laptopu ile nilimpa mdogo wangu Korogwe, anapigia muziki kwenye kibanda chake cha kunyoa. Nilimpigia usiku uleule nikamwambia asiguse kitu, akadhani kuna kesi. Jumamosi nikapanda basi. Bawaba imekatika, skrini inaegemezwa kwenye kopo la poda, lakini folda ya .android ilikuwepo na faili lilikuwa humo. Nimelinakili kwenye flashi mbili hapohapo, nywele zikianguka kwenye kibodi.

Jana nimejenga APK yenye kitufe, nikaiweka kwenye simu ya mke wangu. Imeingia juu ya ya zamani bila kelele. Kijana wa PDF amejibu, yuko Kisumu, ameridhia. Barua ya mwenzake imerudi, anwani haipo tena. Yule wa matangazo anahesabu siku zake 30.

Jumla za programu mbili zimelingana. Tukalinganisha na daftari la kaunta, zikapishana shilingi 5,000. Mke wangu anasema daftari halijakosea, nikaangalie msimbo wangu.