Vitatange watatu wadogo wa buluu, nichukue yupi?

Mwambani: Salaam wadau. Kuna mvuvi wa samaki wa mapambo huku Shimoni anishikia vitatange watatu wadogo, wote buluu iliyokoza na michirizi myeupe. Asema mmoja empera, mmoja korani, wa tatu amwita mkia-njano. Jumamosi naenda kuchukua mmoja tu na kwangu wote sura moja. Mngekuwa nyinyi mngechukua yupi?

fundi_filta: Tangi lita ngapi? Lina matumbawe au mawe matupu? Kuna samaki gani wengine ndani? Na picha iko wapi? Bila hayo twakushauri vipi sasa.

BintiKilindini: Hata bila picha watajulikana, tazama mistari. Empera mdogo, kitaalamu Pomacanthus imperator, michirizi yake yazunguka na ule wa karibu na mkia ni duara lililofunga kabisa. Korani, semicirculatus, ni nusu duara, haifungi. Chrysurus, huyo mkia-njano, mistari yake imesimama zaidi na mkia una njano au rangi ya chungwa tangu mdogo. Ukiona duara limefunga usiulize mara mbili, chukua huyo, akikua hana mfano.

Muscat_Mswahili: Kuna wa nne pia, maculosus. Huku Oman tunao wengi, na huko pwani yenu yupo. Mdogo wake naye ni buluu na mistari myeupe. Mkubwa ana baka la njano ubavuni, mimi huyo ndiye wangu siku zote.

KakaTemeke: Kuweni makini na wauzaji jamani. Mimi duka moja hapa Dar, silitaji, waliniapia huyu ni empera nikalipa bei ya empera, nikamlisha uduvi, mwani, na sifongo akawa anakula vizuri tu, akaanza kubadilika nikawa nasubiri ile mistari ya njano na barakoa nyeusi machoni, wapi, ikatoka rangi ya kahawia na kijani na vidoa vya buluu, korani huyo! Nikarudi dukani jamaa akaniuzia empera mwingine akasema watakaa pamoja bila shida, usiku uleule wakaanza kukimbizana, mgeni akachanwa mapezi yote, mara vidoa vyeupe kama chumvi mwilini, ugonjwa ukapita tangi zima. Samaki wote walikufa, wakabaki kaa na konokono. Roho inaniuma mpaka leo.

fundi_filta: Pole sana kaka. Kitatange mkubwa mmoja kwa tangi moja, na mgeni lazima akae karantini kwanza. Mwambani bado hujajibu lita.

Mwambani: Lita 350. Matumbawe laini yapo kiasi. Maji nachota baharini.

BintiKilindini: Lita 350! Basi nafuta niliyosema, usichukue hata mmoja. Hao wafika sm 30 mpaka 40, na matumbawe watayadonoa. Tafuta kitatange kibete, Centropyge acanthops, mgongo chungwa mwili buluu, hapiti sm 8 na ni wa bahari yetu hii hii.

Muscat_Mswahili: Kibete naye hudonoa wakati mwingine.

BintiKilindini: Wangu hajagusa kitu.

fundi_filta: Mimi chanipa wasiwasi ni maji. Yachotwa wapi?

Mwambani: Ufukweni hapo karibu na nyumbani.

fundi_filta: Acha, tumia chumvi ya pakiti na maji yaliyochujwa, uzito wa maji kwenye kipima chumvi ukae 1.025.

BintiKilindini: Pakiti ya nini na bahari iko mlangoni? Achote bamvua, maji yakiwa yamejaa, mbali na mto na mitaro.

KakaTemeke: Na masika je? Mvua ikipiga maji ya ufukweni yanapungua chumvi na uchafu wote wa mjini unashuka humo.

BintiKilindini: Masika aweka akiba kwenye mapipa, wazee wa kazi hii wafanya hivyo.

fundi_filta: Mapipa ya nini, yale ya mafuta ya kupikia?

Mwambani: Nitamuuliza mvuvi habari ya huyo kibete, ila empera kwa kweli nampenda. Kipima chumvi Mombasa chapatikana wapi?