Tupeane uzoefu: Zimamoto ilipofika kwenu, walishuka watu wangapi?

Mwanzisha mada:
Wadau, juzi nilipita pale tulipounguliwa, mtaa wa Mukuru, Nairobi, swali likanirudia. Usiku ule moto ulianzia kwenye waya wa stima kwa jirani. Sisi tulikuwa tunang'oa mabati ya nyumba ya tatu ili kuukatia njia. Gari likafika, zima, lina maji. Wakashuka watu watatu. Mmoja akabaki kwenye pampu, wawili wakashika mpira wa maji. Basi. Upande wa pili wa ploti uliteketea tukiuona, kwa kukosa mikono ya mpira wa pili. Tulijaribu kuushika wenyewe; maji yalipofunguliwa ukamrusha kijana mmoja chini, akavunjika mkono. Wale watatu siwalaumu hata kidogo, walipigana mpaka alfajiri. Nyinyi mliona nini kwenu?

Mama Mitumba:
Pole sana ndugu yangu. Mimi niko soko la Gikomba. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15, mimi nikapoteza marobota mawili ya suruali, na sithubutu kuyataja mbele ya waliozika. Watu husema gari haliwezi kupenya kwa sababu ya vibanda vyetu. Ni kweli, na tuna makosa. Lakini gari likibaki barabarani, si ndipo watu wengi wanahitajika zaidi, wa kuunganisha mipira mpaka ndani?

Mstaafu wa Zimamoto:
Mama umesema kweli. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, si Nairobi. Kuingia ndani ya moshi na mtungi wa hewa mgongoni ni wawili wawili, hakuna kwenda peke yako, na nje lazima awepo anayehesabu dakika za hewa yao na wengine tayari kuwafuata. Wakija watatu, nani aingie? Mnabaki kumwagia maji kutoka nje huku mama anawaambia mtoto yuko ndani. Hilo bado linaniamsha usiku.

Sasa hesabu yenyewe. Kiti kimoja kwenye gari kinataka watu wanne hivi kwenye orodha ya mishahara: wa mchana, wa usiku, aliye mapumziko, na wa kumshikia aliye likizo au mgonjwa. Gari hununuliwa mara moja na kukatiwa utepe. Mishahara ni kila mwezi. Tangu Katiba ya 2010 zimamoto ni kazi ya kaunti, kaunti nazo husubiri mgao kutoka Hazina ya Kitaifa, ambao mara nyingi huchelewa. Kisha kanuni za fedha za 2015 zinataka mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Kwangu mimi, wazima moto wangeajiriwa kwanza, kabla ya maofisa wa kukaa ofisini.

Wa Embakasi:
Februari 1, 2024, gesi ilipolipuka mtaa wetu wa Mradi, vioo vya dirisha vilimwagika kwenye kitanda cha watoto wangu. Walipona. Mzee, sisi raia tunaanzia wapi?

Mstaafu wa Zimamoto:
Vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti. Usiulize magari mangapi. Uliza wazima moto wangapi wapya wamewekewa mshahara mwaka huu, na ukurasa gani.

Mwanzisha mada:
Asante mzee wangu. Kikao kikitangazwa wadi yetu nitakwenda, na yule kijana wa mkono nitamwomba tuandamane.