Tulipanda mikoko ikafa yote: sisi wa Nairobi tushirikiane vipi na wenyeji wa Pwani?

Mwalimu wa Eastlands:

Hamjambo nyote. Ninafundisha katika shule moja ya upili hapa Nairobi na ninasimamia chama cha mazingira chenye wanafunzi arobaini hivi. Mwaka uliopita wazazi walichanga fedha, tukapanda gari la moshi hadi Mombasa, kisha mwandalizi mmoja wa safari akatupeleka kwenye ufuo wenye matope mapana, ambako tulipanda miche mia nne ya mikoko kwa muda wa saa mbili, tukapigwa picha tukiwa na fulana zinazofanana, tukarudi nyumbani tumeridhika kabisa. Miezi minane baadaye mzazi mmoja aliyekwenda huko kwa matanga alipita mahali pale maji yakiwa yamekupwa, akanitumia picha. Hapakuwa na mche hata mmoja uliosimama. Mzee wa kijiji alimweleza kwamba pale hapajaota mkoko tangu enzi za babu zake, kwa kuwa ni uwanda wa nyasi za bahari ambapo samaki waitwao tafi hulisha, na kwamba hakuna aliyekuja kumwuliza.

Jambo hili limenisumbua sana, maana watoto wale niliwaambia wameacha msitu nyuma yao. Wazazi wako tayari kuchanga tena, lakini sitaki kurudia kosa lile. Naomba wanaojua wanieleze: mtu anayeishi mbali na bahari anaweza kusaidia kulinda mikoko, matumbawe na kasa kwa namna ambayo wenyeji wenyewe wataiona kuwa ni msaada, au ni afadhali tukae kando tuwaachie?

Mwana wa Gazi:

Pole sana, Mwalimu, na ahsante kwa kuuliza, kwa sababu wengi wakishapata picha zao hawarudi kutazama. Mimi nimezaliwa Gazi, Kaunti ya Kwale, ingawa kazi imenileta Nairobi, na miche ya wageni nimeiona ikifa zaidi ya mara moja.

Watu wa bara husema mkoko kana kwamba ni mti mmoja. Kwetu kuna mlilana, unaosimama mbele kabisa ukiikabili bahari. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Kisha muia na mkandaa. Na kuelekea nchi kavu yuko mchu, unaovumilia chumvi kali kuliko wenzake. Kila mti una kiasi chake cha maji, yaani muda unaoweza kufunikwa na muda unaohitaji kupumua. Waandalizi wa safari huupenda mkoko kwa sababu mbegu yake ni ndefu kama rula na huchipua ikiwa bado juu ya mti, hivyo hata mtoto anaweza kuiokota na kuichomeka matopeni bila kupitia kitaluni. Ukiichomeka mahali palipo chini mno, kila maji yanapojaa hukaa juu yake kupita kiasi, na mawimbi ya bamvua, yaani maji makuu, humalizia miche iliyosalia. Mzee yule angewaambia haya yote kwa dakika tano.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa gharama. Katika miaka ya 1970 msitu wa Gazi ulikatwa sana kwa ajili ya kuni za viwanda, na sehemu nyingine zikabaki matope matupu yasiyoota kitu. Upandaji wa majaribio ulianza katika miaka ya 1990 pamoja na watafiti wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, ambayo ina kituo pale pale kijijini, na ilichukua miaka mingi ya kupanda, kupoteza, kupima na kupanda tena kabla hatujajua ni mti gani unakaa wapi. Kutokana na kazi hiyo ndefu ndipo ulipozaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza rasmi mwaka 2013 katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Unalinda hekta 117, na wanunuzi, yaani watu na kampuni zinazotaka kufidia hewa chafu wanayotoa, hulipa kwa kila tani ya hewa ukaa ambayo msitu huo unaizuia, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Fedha hizo si utajiri, lakini huingia katika mfuko wa kijiji, na wanakijiji hukaa katika mkutano wa hadhara wakaamua zipeleke maji wapi, zinunue vitabu vya shule gani, au zikarabati nini. Baadaye wenzetu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, kule mpakani na Tanzania, walianzisha mradi wao wa namna hiyo kwenye hekta 460.

Jambo ambalo wageni hawalioni ni mivinje. Ukimkataza mtu kukata boriti wala usimpe mti mwingine wa kujengea nyumba na kupikia, atakata usiku, na mimi siwezi kumlaumu. Kwa hiyo tukapanda mivinje nchi kavu ili mahitaji ya kuni na nguzo yasiangukie mikoko peke yake. Mwalimu, mkitaka kupanda kitu, ulizeni kwanza kama kijiji kinahitaji mivinje kuliko mikoko. Na mkija Gazi, pitieni kwenye kivuko cha mbao kinachopita ndani ya mikoko: kinaendeshwa na kikundi cha akina mama, na kiingilio mnacholipa hukaa kijijini.

Mkaazi wa Lang'ata:

Ninaheshimu maelezo hayo, lakini naona tunawapamba wenyeji kupita kiasi. Ni wao hao wanaovuta juya, ule wavu mrefu wa kukokotwa, juu ya matumbawe, na nyavu zao zenye macho madogo huzoa samaki kabla hawajazaa, na ni kijijini humo humo ambamo nyama ya kasa huuzwa kwa siri. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, nazo zimedumu kwa sababu serikali iliweka askari na sheria. Kwa maoni yangu, fedha za wazazi zingefaa zaidi kama zingesaidia ulinzi kuliko mikutano ya kijiji.

Binti Kilifi:

Kaka wa Lang'ata, juya nalijua na uharibifu wake naujua, kwa hiyo sitakupinga hapo. Hata hivyo, mpaka wa hifadhi uliochorwa na mtu wa mbali una upungufu wake: mvuvi anayeamka alfajiri akakuta pale alipovua baba yake pamekatazwa, na watalii wanapapiga mbizi, hana sababu ya kupalinda askari akigeuza mgongo.

Tazama Kuruwitu, katika kaunti yetu. Wavuvi wenyewe waliona samaki wakipungua, na matumbawe yalikuwa bado hayajapona tangu joto la bahari la mwaka 1998 lilipoyachoma na kuyafanya meupe. Walianzisha chama chao mwaka 2003, na mwaka 2005 wakakubaliana kufunga eneo la hekta 30 hivi lisivuliwe kabisa. Sisi tunaliita tengefu. Haikuwa rahisi hata kidogo, kwa sababu anayefunga eneo leo anakula kidogo leo, na samaki wanaofurika nje ya mpaka watavuliwa baada ya miaka, pengine na mtu mwingine. Kulikuwa na ubishi mkali kati ya wavuvi wenyewe. Lakini leo samaki ndani ya tengefu ni wengi na wakubwa, wavuvi huvua pembezoni mwake, na anayeingia na wavu hukabiliwa na jirani yake anayemjua kwa jina, jambo ambalo naamini lina nguvu kuliko doria inayopita mara moja kwa wiki. Vijiji vingine vya Pwani vimeiga.

Kuhusu kasa pia, si kweli kwamba wavuvi wote ni maadui. Kule Watamu, mvuvi akimkuta kasa wavuni hupiga simu kwa kituo cha uhifadhi, watu wa kituo wakaja kumpima, kumtibu akiwa ameumia na kumrudisha baharini, naye mvuvi hupewa fidia ndogo kwa muda wake na wavu wake. Kasa huchukua miaka zaidi ya 20 kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, hivyo kila anayeachiliwa akiwa mkubwa ni hasara kubwa iliyoepukwa. Kazi hii haiwezekani bila mvuvi, kwa kuwa ndiye aliye pale wavu unapovutwa.

Naongeza jambo moja kwa Mwalimu: mkilala katika hoteli ya ufuoni, ulizeni kama taa za upande wa bahari huzimwa usiku wakati wa kasa kuangua. Vifaranga hufuata mwanga wakidhani ni upeo wa bahari, na wakielekea bustanini hawafiki mbali. Wageni wakiuliza, wenye hoteli husikiliza haraka kuliko tukiuliza sisi.

Karani wa Sheria:

Kwa ufupi, kuhusu utaratibu. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, kwa hiyo mtu hawezi kujiendea tu akapanda au akakata. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inaruhusu jamii kuunda chama cha misitu na kutia saini makubaliano ya kuusimamia msitu pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya, na upande wa uvuvi vipo vitengo vya usimamizi wa fuo, ambavyo wavuvi wote huviita BMU. Hao ndio wa kuandikiwa barua kwanza, kabla ya mwandalizi yeyote wa safari kulipwa hata shilingi.

Ndugu wa Lang'ata ametaja sheria kana kwamba inapingana na mikutano ya kijiji. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 69, inaiagiza serikali kuhimiza ushiriki wa umma katika kuyasimamia na kuyalinda mazingira. Agizo hilo lina meno. Tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Mazingira, linaloamua mashauri ya mazingira, lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, na mojawapo ya sababu kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliokwenda mbele ya Baraza ni watu wa Lamu wenyewe, waliohofia uvuvi wao, mikoko yao na mji wao wa kale. Hakuna askari wa hifadhi ambaye angeweza kuifanya kazi hiyo kwa niaba yao.

Ukingo wa Mto:

Ninashangaa kwamba tumefika hapa bila mtu kuutaja mto. Mwalimu, shule yako iko Eastlands, na bila shaka wanafunzi wako huvuka Mto Nairobi au Mto Ngong kila siku. Maji hayo hayapotei. Huingia katika Mto Athi, yakapita Fourteen Falls upande wa Ol Donyo Sabuk, yakashuka hadi Tsavo, ambako mto hubadili jina ukaitwa Galana, na ukikaribia Pwani huitwa Sabaki, hadi unapomwagika baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Mvua za masika zikinyesha, bahari ya Malindi huwa na rangi ya udongo, na udongo huo ni wa mashamba ya Machakos na ya kwetu huku juu. Matumbawe yanahitaji mwanga. Yakifunikwa na matope hudhoofika. Hata mikoko hufa kwa mchanga ukizidi: mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilifukia mizizi ya kupumulia katika hori ya Mwache, karibu na Mombasa, na eneo kubwa likakauka.

Mimi ni mmoja wa vijana wanaosafisha kingo za mto upande wa mashariki wa jiji. Tunatoa chupa, nepi, viatu na magunia ambayo mvua moja kubwa ingeyasukuma kuelekea Athi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017 na tofauti tunaiona, lakini chupa na vifungashio vingine bado ni vingi mno. Wenzetu wa Korogocho wamegeuza sehemu ya ukingo iliyokuwa jaa la taka kuwa bustani ya watu wote, na watoto wanacheza humo. Hapa nyinyi ndio wenyeji, Mwalimu. Hapa hamhitaji kumwuliza mzee wa kijiji cha mbali mti gani unaota wapi, ingawa wapo wazee wa mtaa mtakaohitaji kuwauliza.

Mkaazi wa Lang'ata:

Nakubali kuhusu tengefu. Sikuijua habari hiyo. Bado naamini kwamba juya lisipokamatwa na mtu mwenye mamlaka, wachache watawaharibia wengi, lakini naona sasa kwamba jirani na askari wanahitajiana.

Mwalimu wa Eastlands:

Nawashukuru nyote. Nimesoma majibu haya pamoja na wanafunzi, na msichana mmoja wa kidato cha pili akauliza swali ambalo lilinipasa kuliuliza mimi mwaka uliopita: «Mwalimu, kwa nini tulikwenda mbali kilomita mia tano bila kuutazama mto wetu tunaouvuka kila siku?» Tumeamua kwamba muhula huu fedha za wazazi zitanunua glavu, reki na magunia, na tutaungana na kikundi cha Ukingo wa Mto kila Jumamosi ya pili, akikubali. Safari ya Pwani itakuwa mwakani na ya watoto kumi na wawili tu, bila miche, ili wakamsikilize mtu. Ninataka pia kwenda mwenyewe kwa yule mzee wa ufuo wenye nyasi nimwombe radhi. Je, Mwana wa Gazi, ni vyema nifike na kitu mkononi, au kwenda mikono mitupu hakutaonekana kuwa dharau?

Mwana wa Gazi:

Nenda na sukari na majani ya chai, Mwalimu, ufike baada ya swala ya alasiri, wala usianze na habari ya mikoko. Mkimaliza chai, mwombe akuonyeshe ufuo maji yakiwa yamekupwa. Atakuonyesha nyasi wanakolisha tafi, na pengine atakuonyesha pia mahali ambapo mkandaa unaota wenyewe bila kupandwa na mtu. Ukiwa na daftari, mwombe ruhusa kabla hujaandika.

Ukingo wa Mto:

Mwalimu, karibuni sana. Tunaanza saa mbili asubuhi. Waambie watoto wavae viatu vya mpira na mikono mirefu, na wasiguse chupa zenye vifuniko bila glavu, kwa sababu nyingine huwa na vitu vya hospitali ndani yake.